Lebo ya Thelathini na Nane

4 Februari

Mdogo wangu Uzi,

Nakusalimu, na mama anakusalimu zaidi yangu, maana yeye ana muda na mimi nina cherehani. Goti lake linamuuma asubuhi, lakini akija mgeni wa kupiga naye soga linapona papo hapo. Mpwa wako amepata kazi ya majaribio kwenye maabara na sasa anatuambia tunawe mikono kana kwamba yeye ndiye aliyetuzaa.

Najua utacheka kwamba bado nakuandikia barua wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii unaijua. Mama haisikii mpaka iwekwe sauti kubwa, na ikiwekwa sauti kubwa mtaa mzima unapata habari zetu. Barua naitia mfukoni mwa suruali, kifurushi kinapanda basi, na siri inabaki kwa wawili.

Ninakuletea suruali mbili za kazi, kitambaa kile kizito cha kijani, na nyuma nimepiga mshono mara tatu. Kipimo ni kilekile cha siku zote, thelathini na nane, lebo nimeishona ndani. Zile kuukuu ulizonitumia ziwe kielelezo nimeziangalia. Mshono wa makalioni ulikuwa umeachia kabisa. Nimeona tu, sisemi kitu.

Mama anauliza utakuja lini. Mwaka wa tatu huu. Bado anawasimulia wageni habari za mwanawe aliyekuwa mwembamba hadi tukamwita Uzi, na wageni wanaomba kukuona.

Dada yako

27 Februari

Dada yangu, fundi wa mafundi, shikamoo.

Sisi wazima. Mke wangu anawasalimu, ingawa amehamia chumba cha mtoto kwa sababu anasema ninakoroma kama mashine ya kusaga. Anasema pia kuna wakati nanyamaza ghafla, yeye anabaki macho akisubiri nivute pumzi. Wanawake hawakosi cha kulalamikia.

Suruali nimezipokea. Nimevaa moja siku hiyohiyo na imeingia bila ugomvi. Mke wangu alisoma lebo akasema, thelathini na nane, ileile tangu tuhamie huku. Nikamwambia sisi wanaume wa ukoo ule hatubadiliki.

Jengo limefika ghorofa ya kumi na tatu na kreni yangu imeongezewa urefu. Ngazi sasa ina vidato mia moja sitini na nne, na mwisho wake kuna tundu la mraba kwenye sakafu ya kibanda changu, mlango ambao unaufunua kwa kichwa. Basi nikishapanda asubuhi sishuki mpaka jioni. Chakula wananifungia kwenye kamba: mikate miwili, mayai, soda tatu za kushikilia macho yasijifumbe. Nakaa kwenye kiti, mikono kwenye vishikio viwili, nusu ya mji chini ya miguu yangu. Ningekuwa mfalme nisingekaa vizuri zaidi.

Kampuni imetugawia mikanda mipya ya usalama ya kujifunga mwilini, kila mtu kwa kipimo alichojaza kwenye fomu. Wangu unabana kidogo lakini utalegea. Mwezi wa nane ni upimaji wa afya wa kila mwaka, na asiyepita anashushwa chini. Miaka kumi na moja niko juu. Mimi bila kreni sijijui ni nani.

Habari ya kuja nyumbani tutaona. Kazi imebana.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani zote zikufikie. Mama amepona mafua. Mpwa wako amethibitishwa kazini. Nimeshona sare za shule sitini wiki hii na vidole vimeota sugu.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama pale kwenye mkanda. Uzi, mimi ni mtu wa vitambaa. Mkanda wa nailoni haulegei, wala ukiuloweka, wala ukiuvaa mwaka mzima. Sasa nijibu kwa neno moja: unafungika? Na kwenye hiyo fomu uliandika kiuno inchi ngapi, na hizo inchi ulizitoa wapi?

Usiniulize kwa nini ninauliza. Nijibu upesi.

Dada yako

29 Aprili

Uzi,

Wiki sita hujajibu. Wifi yangu alipiga simu juzi, na kwa sauti kubwa ileile akamwambia mama kwamba ulikaa nyumbani siku mbili kwa sababu ya mchubuko wa mbavu. Mama akauliza mchubuko wa nini. Wifi akasema ngazi. Kisha akasema mtoto analia, akakata. Nilimsikia mtoto huyo, alikuwa anacheka.

Sina zaidi. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Wazima. Mtoto ameota meno mawili ya mbele. Hizo ndizo habari za familia, sasa nisikilize.

Tarehe kumi na tatu ya mwezi wa nne upepo ulichachamaa, tukaamriwa kushuka. Nikafunua tundu, nikaingiza miguu, nikateremka kidato kimoja, cha pili, na hapo nikakwama. Tumbo chini ya sakafu halikupita, juu ya sakafu halikurudi. Nilikuwa na koti, na mkanda wa usalama umekunjamana ndani ya koti. Miguu ilikuwa imesimama kwenye chuma chembamba, mikono iko kibandani, na kreni inayumba. Betri ya redio ya mkononi ilikuwa imekwisha. Nilikaa hivyo dakika hamsini. Nilikuwa naona saa ya ukutani, ndiyo maana najua.

Mfungaji mizigo mmoja alihesabu watu chini akaona nimekosekana, akapanda. Alinikata koti kwa kisu akalivuta kipande kipande, ndipo nikapita, na ngozi ya mbavu ikabaki kwenye chuma. Alipolivuta aliuona mkanda. Umeniuliza kama unafungika. Haufungiki, dada. Haujawahi kufungika. Mabegani nauvaa, kiunoni ndimi zake mbili haziwezi kukutana, nafunika kwa koti na kupanda mita hamsini namna hiyo kila siku. Yeye aliona, akanitazama, akasema tushuke polepole.

Mke wangu alinipeleka kliniki kwa ajili ya mbavu. Nesi akaniambia nivue viatu, akanipandisha kwenye mizani: kilo mia moja ishirini na nane. Akapima urefu. Akagawa kilo kwa urefu wangu wa mita, jibu akaligawa tena kwa urefu uleule, ikaja arobaini na tatu. Akasema ikifika thelathini wanauita unene wa kutibiwa, na mimi nimepita hapo zamani. Mimi nikajitetea. Nikasema nina mifupa mizito, na kiuno changu ni thelathini na nane tu. Nilikuwa nimesoma ubaoni kwake kwamba kiuno cha mwanaume kikivuka inchi arobaini ndipo moyo unaanza kuwa hatarini, nikajiona niko salama kwa inchi mbili.

Hakubishana. Akatafuta kwa vidole mwisho wa mbavu na mwanzo wa nyonga, akapitisha futi ya kupimia katikati. Hamsini.

Nikamwambia futi yako mbovu. Nikageuza suruali nikamwonyesha lebo. Akaniomba niivue, akaitandaza mezani, akapima kiuno cha suruali yenyewe. Arobaini na sita. Akaniuliza ni nani anayenishonea.

"Dada yangu," nikasema.

"Anakupenda sana," akasema, na hakuwa anasifu.

Kipimo cha lebo yako ndicho nilichokijaza kwenye fomu ya kampuni. Ndicho walichoniagizia mkanda. Sasa na mimi nakuuliza, nijibu kwa neno moja: ulijua?

3 Juni

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Hilo ndilo neno moja. Mengine yafuatayo yasome ukitaka.

Kila mwaka unaponitumia suruali kuukuu naisoma kama barua. Naona mshono ulipovutika, kitambaa kilipopauka katikati ya mapaja, kishikizo ulichokihamisha mwenyewe kwa uzi mweupe. Naongeza nusu inchi, mwaka mwingine inchi nzima, nyuma natia mpira mahali usipopaona, halafu nashona lebo ileile. Nina boksi zima la lebo hizo. Miaka sita.

Utauliza kwa nini, na wewe unajua kwa nini, ila umejisahaulisha. Mwaka ule wa kwanza nilishona lebo ya kweli, arobaini na mbili. Ulikuja nyumbani, mama akaisoma mbele ya wageni akacheka, akasema Uzi amekuwa kamba. Wote tukacheka, nami nikiwemo, Mungu anisamehe. Uliondoka kabla ya chakula. Kifurushi cha suruali hizo ulikirudisha kwa basi bila hata karatasi ndani, na hukutuandikia miezi minane. Mimi nilikaa miezi minane nikidhani nimempoteza ndugu kwa kipande cha kitambaa cha upana wa kidole. Nikashona nyingine, nikaandika thelathini na nane, ukajibu ndani ya wiki. Basi nikajua bei ya wewe kuendelea kuniandikia.

Sikujua kuna fomu. Sikujua mtu anaweza kupanda hewani kwa kipimo changu. Tangu barua yako nikikaa kwenye cherehani naona miguu yako kwenye kile chuma, nasimama, nakaa tena. Wateja wanafikiri ni mgongo.

Ila jambo moja la ufundi lazima nikuambie. Sisi mafundi tunapima pale suruali inapokaa. Mtu akiota kitambi anaishusha suruali chini ya tumbo, na pale chini amebaki mwembamba. Nesi amepima tumbo lenyewe. Kwa hiyo inchi nane nimekuibia mimi. Nne umejiibia mwenyewe.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, kasirika, lakini usipande.

Dada yako

8 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kwa makusudi. Nilikuwa na hasira na nilitaka iishe kabla sijashika kalamu, haikuisha, nikaona niandike hivyohivyo.

Nilijua. Hapo ndipo hasira yangu inapogeuka kunirudia. Mtu anayemwita mke amfungie kamba za viatu anajua. Anayechagua kiti kwa kuangalia miguu ya kiti anajua. Wewe ulinipa lebo ya kujifichia, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Unajua kwa nini siji nyumbani? Nilikata tiketi ya basi mara mbili. Mara zote mbili nilifika stendi, nikaona vile viti, nikarudi.

Na betri ya redio haikuwa imekwisha. Redio ilikuwa mkononi mwangu, nzima, taa yake ya kijani inawaka. Kila mtu pale chini anasikia inachosema, wapo arobaini. Huku hawaniiti Uzi, dada, wananiita Bonge, nami hucheka nao. Nilifikiria kubonyeza na kusema nimekwama tunduni, nikafikiria watakavyocheka, nikaona afadhali nianguke. Dakika hamsini niliona afadhali nianguke. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Daktari amenilaza siku moja hospitalini na waya kichwani. Nikilala koo linajiziba na pumzi inakatika, mara thelathini na kitu kwa saa moja. Ndiyo maana mchana nasinzia, nikisinzia nakunywa soda, na mtu asiyelala vizuri mwili wake unadai chakula hata kama umeshiba. Nikamwambia basi ni ulafi na uvivu, tumalize. Akasema hapana. Akaniuliza baba alikuwaje, nikasema mnene, na shangazi pia. Akaniuliza nakaa kwenye kiti saa ngapi, nikasema kumi na moja. Akasema huu ni ugonjwa wa muda mrefu kama presha, una mizizi mingi, na kumfokea mgonjwa hakujawahi kumpunguza mtu hata gramu.

Kwa mara ya kwanza niliona jinsi nilivyofungwa. Sishuki kwa sababu ngazi inanichosha, nikikaa juu nanenepa, nikinenepa ngazi inanichosha zaidi. Miaka hii yote nimekuwa nazunguka humohumo, nikijiita mfalme.

Nimepewa kimashine cha kuvaa puani wakati wa kulala. Nimeacha soda, na kichwa kiliniuma wiki nzima. Natembea nusu saa asubuhi na mke wangu, ambaye amerudi chumbani. Daktari hataki nikimbilie kilo thelathini. Anataka sita au saba kwanza, polepole, anasema hata hizo moyo na sukari vinazisikia. Zikikataa kushuka, zipo dawa, tutazungumza. Nimepunguza tatu. Hakuna anayeona.

Mbavu zimepona, sasa nimo kwenye likizo yangu ya mwaka, na upimaji ni tarehe ishirini na mbili mwezi wa nane. Nikisema kweli wananishusha. Nikinyamaza napanda bila mkanda. Nalala na hilo, naamka na hilo.

Mdogo wako

26 Julai

Uzi wangu,

Salamu. Mpwa wako anasema hizo kilo tatu ni za kweli na anakupongeza kitaalamu. Mimi nimelia juu ya sare ya mtu, ikabidi niipige pasi upya.

Nimemwambia mama. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima. Nilimweleza yote, kicheko cha siku ile, lebo, mkanda. Jioni akaniambia, "Kumbe mwanangu haji kwa sababu yangu." Tangu siku hiyo hamsimulii tena mgeni habari za Uzi.

Habari ya tarehe ishirini na mbili siwezi kukushauri. Nimekuamulia miaka sita na umeona matokeo yake. Nitasema tu kwamba naogopa, na kwamba ukishushwa nitaogopa pia, maana nakujua unavyokuwa ukishushwa. Boksi la lebo nimelichoma.

Dada yako

23 Agosti

Dada,

Shikamoo wewe na mama. Mtoto anatembea kwa kushika kuta. Upimaji ulikuwa jana na nakuandikia leo ili nisianze kuupamba.

Tulipanga foleni kwenye chumba cha stoo, watu kama kumi na watano, msimamizi mezani na fomu, daktari wa kampuni nyuma ya pazia. Nilipofika, msimamizi alikuwa ameshaishika fomu yangu ya mwaka jana. Akainama, akasema chinichini, "Tunakili hii hii, sawa? Zege linakuja kesho na sina dereva mwingine. Daktari anasoma karatasi tu."

Dada, nilitamani. Kalamu ilikuwa imeshaandika tatu. Ilikuwa inasubiri nane tu, na mimi ningerudi juu kwenye kiti changu, na wote wangefurahi, yeye, kampuni, hata mimi. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema sawa. Nikakumbuka ile redio mkononi.

"Arobaini na tisa," nikasema.

Akauliza arobaini na tisa nini.

"Kiuno. Inchi arobaini na tisa. Kilo mia moja ishirini na mbili. Pumzi inanikatika nikilala. Na mkanda wako sijawahi kuufunga tangu mwezi wa pili."

Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Foleni nzima ikageuka. Nilisubiri kicheko, hakikuja. Msimamizi aliiweka kalamu. Akainuka, akaenda kwenye rafu ya mwisho, akarudi na mkanda ukiwa bado ndani ya plastiki yake. Ni mpana, unabeba hadi kilo mia moja arobaini. Akasema ilikuja mitatu ya namna hiyo pamoja na ile mingine, ikakaa hapo kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Nikaujaribu. Ukafunga. Miezi sita ulikuwa hatua kumi kutoka kabati langu la nguo.

Lakini daktari hakusoma karatasi tu. Alinisikia kutoka nyuma ya pazia. Amenizuia kupanda mpaka pumzi itulie, nitapimwa tena mwezi wa pili mwakani, na hakuniahidi kitu. Tangu leo kazi yangu ni stoo, natoa misumari na kupokea saini. Chumba hakina dirisha. Kreni siioni, naisikia tu, maana wameazima dereva wa kampuni nyingine na anazungusha vibaya, inanikwaruza moyoni kila inapogeuka. Sitakudanganya kwamba nina furaha. Mchana nimetamani soda nikanywa maji.

Nilipokuwa nafunga stoo jioni, mchomeleaji vyuma alibaki nyuma. Ni mtu mzima, huvaa shati pana juu ya mkanda hata jua likiwaka, na kila siku ndiye anayecheka kwa nguvu zaidi wakiniita Bonge. Alisubiri wenzake wote watoke getini. Kisha akasogea karibu na kaunta, akaangalia pembeni, akaniuliza polepole mikanda mikubwa imebaki mingapi.

Nikamwambia miwili.

Mdogo wako